Rachael Kavata na Magari Yaliyokula Hafkeki

"Bayodizeli haina hasara yoyote. Hasara ni ya waoga wanaoikataa, na ndiyo sababu mtambo wetu mpya utaitwa Kavata, jina la mama jasiri aliyeianzisha hapa kwetu."

Maneno hayo yamo kwenye kadi ya mwaliko wa sherehe ya kumuaga mama huyo, ambayo kila mfanyakazi alipewa wiki iliyopita, na aliyeyaandika ni Bwana Waweru, meneja wetu wa mipango. Nimeyasoma mara kadhaa nikitafuta mahali pa kukubaliana naye. Nimepapata: Kavata ni jasiri, na ndiye aliyeianzisha. Yaliyobaki ni maneno ya mtu aliyesahau jinsi gari linavyosukumwa.

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Rachael Kavata Kaleli, fundi mkuu wa gereji yetu ya Ruiru, atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Mhariri wa gazeti hili la wafanyakazi ameniomba niandike wasifu wa kufurahisha, tena usiogombanisha watu. Wa kufurahisha utakuwa. Hilo la pili limenishinda, na Kavata mwenyewe nilipomweleza alicheka mpaka akaweka spana chini.

Alijiunga nasi mwaka 1994, wakati kiwanda chetu cha mikate pale Thika kilikuwa na tanuri moja na magari ambayo hayakupanda mlima bila maombi. Alitoka chuo cha ufundi akiwa na diploma na mdomo. Baadaye, akiwa tayari mama wa watoto wawili, alisoma jioni na wikendi mpaka akapata digrii ya uhandisi wa mitambo. Picha ya mahafali ameitundika gerejini juu ya benchi la injini, na kwenye ile kofia ya digrii kuna alama ya kidole chenye grisi. Hajawahi kuwa mnyenyekevu, na mimi nampenda kwa hilo. Ukimsifu, anakuongezea uliyoyasahau.

Kila mfanyakazi wa zamani anaijua sheria yake. Dereva akiharibu gari kwa uzembe, klachi ikaungua au injini ikakaushwa maji, gari hilo haliingii gerejini kwa kuvutwa. Atalisukuma mwenyewe kutoka langoni hadi kwenye shimo la mafundi, na Kavata atatembea kando yake akitoa somo.

"Sukuma, baba, sukuma! Ukifika pale utakuwa umekumbuka gia ya kwanza iko wapi."

Wapakiaji wa mikate huacha trei zao na kupiga makofi mpaka gari lifike. Uwanja wetu unainama kidogo kuelekea gereji, la sivyo tungekuwa na madereva wenye ngiri. Hakuna aliyewahi kusamehewa. Bwana Waweru mwenyewe aliazima gari la mikate ahamishie vitu vyake Kahawa Wendani, akalirudisha likitoa moshi mweusi, na akalisukuma akiwa amevaa tai. Makofi ya siku hiyo yalisikika mpaka barabarani. Madereva wa kampuni nyingine walikuwa wakiwatania wetu, wakiwauliza kama wao ni madereva ama ni punda. Kisha mvua ikanyesha, na magari yaliyofika Mwiki na mkate ukiwa bado na joto yalikuwa yetu. Utani ukaisha.

Sasa nije kwenye hiyo bayodizeli, yaani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea.

Bei ya dizeli ilipopanda miaka mitatu iliyopita, Kavata aliingia kwenye mkutano wa wakurugenzi na chupa ya soda iliyojaa kitu cha rangi ya asali. "Hii jana ilikuwa inakaanga chipsi," akasema. "Leo itawasha jenereta." Akaimimina, akavuta kamba, jenereta ikanguruma, na mkurugenzi mmoja akasimama akapiga makofi. Mwanamke huyu alikuwa amesoma kila alichoweza kukipata kuhusu jambo hilo, na aliyahubiri aliyoyasoma kuanzia lango la Thika hadi stoo ya Ruiru. Tulimwamini, mimi nikiwa wa kwanza. Mtambo ukajengwa nyuma ya gereji, karibu na mfereji unaoteremka kuelekea mashamba ya Theta. Magari yakaanza kutoka yakinukia viazi, na wanafunzi wa Kahawa Wendani wakawa wanageuka barabarani kutafuta kibanda kiko wapi. Wageni walikuja kupiga picha. Bwana Waweru akapandishwa cheo.

Haya yote ni kweli, na hakuna anayeyakana. Lakini kadi ya mwaliko imeishia hapo, kana kwamba hadithi nayo iliishia hapo.

Mpango ulisema kwamba mabaki ya mafuta ya kukaangia yamejaa tele kuanzia Thika mpaka Ruiru, yanamwagwa tu. Aliyeandika hivyo hajawahi kusimama mbele ya kibanda cha chipsi. Hapa kwetu mafuta hayamwagwi. Yanaongezewa. Yakipungua leo, kesho mwenye kibanda anamimina mapya juu ya yale ya jana, na sufuria inaendelea na maisha yake. Yakishakuwa meusi kabisa yana mnunuzi wake anayeyangoja, na si sisi. Kavata alienda mwenyewe kwa Saida, anayekaanga chipsi karibu na hosteli za wanafunzi, akamweleza kwamba kiwanda kinanunua mafuta machakavu. Idara ya ununuzi ilikuwa imekosa mafuta kiasi kwamba ilipandisha bei yake mpaka ikapita ya dukani. Saida alimwangalia toka kichwani hadi viatuni.

"Unataka machakavu, mama? Nipe siku mbili. Nitakuchakazia."

Na akamchakazia kweli. Alinunua mafuta mapya, akaunguza ndani yake maganda ya viazi na mkate mkavu, mkate wetu wenyewe nasikia, mpaka yakawa na weusi wa kuaminika, kisha akatuuzia. Majirani zake wakaona, nao wakachakaza. Kwa hiyo ile dizeli tuliyoisifu kwamba imetokana na taka ilikuwa chakula kizima kilichopakwa masizi. Simlaumu Saida. Namlaumu aliyeketi ofisini akaamini kwamba kitu kinachoweza kuliwa kinaweza kukosa mwenyewe.

Magari nayo yakaanza kusema yao. Mafuta haya huosha uchafu wa miaka mingi ndani ya tangi na kuubeba wote mpaka kwenye filta, na filta zikaziba. Mipira ya mabomba katika magari ya zamani ikavimba na kulainika kama chapati iliyolala kwenye mchuzi. Mafuta yakikaa hunyonya unyevu, na ndani ya unyevu huo kukaota ute ambao fundi Uthman aliutoa kwa kijiti akauliza kama ni mboga. Asubuhi za Julai, Thika ikiwa na baridi, mafuta yaliganda kwenye tangi, na dereva alilazimika kungoja jua lichomoze ndipo mkate uondoke. Mkate, ndugu zangu, haungoji jua.

Uthman huyo huyo ndiye aliyetufundisha habari ya methanoli. Ni spiriti inayochanganywa na mafuta ili yawe dizeli. Ni sumu ukiinywa, ni sumu ukiivuta puani, na ikishika moto mchana huoni mwali wake. Uthman hakuuona. Alihisi joto usoni, akaruka nyuma, na tangu siku hiyo nyusi zake hazikurudi zilivyokuwa. Anapoulizwa na wageni, hujibu kwamba alinyolewa na kampuni bila malipo. Tulicheka kwa sababu alipona. Kama asingepona, kadi ile ya mwaliko ingeandikwaje?

Halafu kuna gliserini, yale masalio mazito ya kahawia yanayobaki chini dizeli ikitengenezwa. Tuliambiwa yatauzwa kwa watengenezaji wa sabuni. Watengenezaji wa sabuni walikuja, wakanusa, wakaondoka. Mapipa yakajaa uwanjani mpaka wapakiaji wakakosa pa kugeuzia magari. Tulijaribu kutengeneza sabuni yetu wenyewe, na kila aliyeitumia alienda nyumbani akinukia kama amelala ndani ya karai.

Lakini kilichomkosesha Kavata raha kabisa kilikuwa maji. Dizeli hiyo huoshwa kwa maji, na maji hayo yanatoka yakiwa na povu na mafuta. Mpango ulisema yatasafishwa "katika awamu ya pili". Awamu ya kwanza ilikuwa mfereji. Chini ya mfereji, upande wa Theta, kuna mzee Gachau, ambaye amepanda nduma, yaani magimbi, kando ya kijito tangu kabla kiwanda hakijanunua ile ardhi. Alikuja langoni siku moja na nduma mbili mkononi, majani yake yakiteleza.

"Mama Kavata, ũka wone! Kuja uone. Nduma zangu siku hizi zinaoga na sabuni? Ama mnataka nizipeleke soko zikiwa zimepakwa losheni?"

Kavata alizishika, akazinusa. Jioni hiyo alikwenda kwa Bwana Waweru akataka mtambo usimamishwe mpaka maji yapate pa kusafishiwa. Bwana Waweru alimjibu kwamba sherehe ya mwaka mmoja iko karibu, na haiwezekani kuwaalika watu kwenye mtambo uliozimwa. Hapo ndipo jambo lilipowekwa wazi. Ama Kavata alinde sifa ya kitu alichokianzisha, ama akizime mbele ya wote waliomsifu.

Siku ya sherehe hema ziliwekwa, kwaya ikaja, wapiga picha wakapanga mitambo yao. Gari dogo la mikate lililopakwa rangi ya kijani lilikuwa liingie langoni likiwa limejaa hafkeki, zile keki zetu za kukaangwa, za kuwagawia wageni. Lilifika. Langoni likakohoa, likatikisika, likazima. Dereva akawasha tena na tena, wapi. Kavata, akiwa amevaa suti yake ya kitenge, akaenda kufungua mlango wa nyuma atoe walau hafkeki, kwaya isikae na njaa. Trei zote zilikuwa tupu. Dereva alikiri kwamba aliambiwa aje hivyo hivyo, picha zipigwe kwa nje.

Kavata akampigia simu Kui, msimamizi wa sehemu ya hafkeki huko Thika, na akaiweka simu kwa sauti ya juu. Tuliokuwa karibu tulisikia kila neno.

"Hafkeki gani, Mama Kavata?" Kui alifoka. "Stoo haina mafuta! Watu wa ununuzi walikuja jana, wakasema mtambo hauwezi kulala njaa siku ya sherehe, wakabeba mapipa yetu yote ya kukaangia. Wasichana wangu wamekaa hapa wameshika tama. Magari yenu yamekula hafkeki!"

Tafadhali lisome tena jambo hilo polepole. Kiwanda cha mikate kilikuwa kimechukua mafuta ya kukaangia hafkeki, kikayafanya dizeli, kikaitia katika gari, ili gari lipeleke hafkeki ambazo hazikukaangwa. Na hata halikufika.

Bwana Waweru akaja mbio. "Mlivute haraka! Wageni wanaona!"

"Gari halivutwi hapa," Kavata akasema. "Aliyeliharibu ni mimi."

Akavua viatu. Akampa mwanakwaya mmoja mkoba. Akaweka mabega yake nyuma ya gari lile la kijani akaanza kusukuma. Uthman alikimbia kumsaidia, Kavata akamrudisha kwa sauti tunayoijua sote: "Rudi, Uthman! Hili ni langu." Wageni hawakujua watazame wapi. Kisha mpakiaji mmoja akaanza kupiga makofi, kama ilivyo desturi, wa pili akamfuata, na gari lilipopita mbele ya hema ya wakurugenzi, uwanja mzima ulikuwa ukipiga makofi, na mama yule akisukuma huku ameinamisha kichwa, kitenge kimelowa jasho. Lilipofika kwenye shimo la mafundi aligeuka.

"Mimi ndiye niliyewaambia haina hasara," akasema. "Nilikosea. Nimeziona zote, na nyingine zinanuka. Mtambo uzimwe leo, si kesho. Na mtu ampigie Kui, amwambie mafuta yake yanarudi."

Nimesoma vitabu vingi na nimewasikia watu wengi wakubwa wakizungumza. Sijapata kusikia hotuba ya kishujaa kuliko hiyo, na haikufika dakika moja.

Bwana Waweru alimhamishia stoo ya matairi "kwa muda". Kavata alienda akiimba. Aliyapanga matairi yale vizuri hivi kwamba mpaka leo watu wa matairi wanamkumbuka. Halafu wakurugenzi walipokutana, alimleta mzee Gachau na kikapu cha nduma, akakiweka mezani, akawaambia atakayekuwa na uhakika kwamba maji yetu ni salama achague moja ipikwe. Hakuna aliyechagua. Mtambo ukafungwa rasmi, na Kavata akarudi gerejini kwa makofi mengine. Mapipa ya gliserini yaliondolewa na watu wenye leseni ya kazi hiyo. Kwenye mfereji, yeye na mafundi wake walijenga ukuta wa zege, wakalichanganya kwa sepetu na kulimwaga wenyewe. Leo nduma za Gachau zimerudi, na kila msimu hutuletea kikapu langoni, akiwaambia walinzi, "Peleka kwa Mama. Waambie hizi hazijaoga."

Tena hakutuacha tukilia na bei ya dizeli. Alichora upya njia za magari ili gari lisirudi tupu, akawafunza madereva kupima upepo wa matairi kila asubuhi, na kwa Mwiki na Kahawa Wendani akaleta tuktuk za umeme zinazobeba mkate kimya kimya. Gereji yetu inachoma dizeli kidogo leo kuliko siku zile tulipokuwa tunachoma hafkeki. Huo ndio ushindi, na ni wake.

Sisemi kwamba kila dizeli ya mimea ni uovu. Mahali penye mabaki ya kweli, maabara ya kuyapima, maji yanayosafishwa kabla ya kutoka, na watu wanaoiheshimu methanoli, ifanywe. Kavata mwenyewe husema hivyo. Lakini mradi mpya ninaousoma kwenye kadi unataka mtambo mkubwa zaidi pale pale Ruiru, na mashamba ya Theta yakodishwe yapandwe mbono, mmea wa mbegu za mafuta yasiyoliwa, badala ya mahindi na maharagwe. Kavata anaujua mbono. Huko kwao Ukambani mjomba wake aling'oa mbaazi akaupanda, akaahidiwa wanunuzi, akapata kichaka kizuri cha kijani ambacho hata mbuzi walikipita. Anayesema kwamba haya hayana hasara hajakosea hesabu tu. Anawaomba wengine wazibebe hasara hizo kwa niaba yake.

Na sasa habari ya kibao. Jumatatu kililetwa gerejini kibao cha chuma chenye herufi za kijani: MTAMBO WA KAVATA. Uthman aliagizwa akitoboe matundu ya kuning'inizia. Akaweka drili chini. "Mimi sitoboi. Mwenyewe ameulizwa?" Hakuwa ameulizwa. Kavata alikuja, akakigonga kwa kidole, akakipindua. "Chuma ni kizuri," akasema. "Upande huu hauna maandishi." Ndipo akamwambia Uthman anachotaka kiandikwe upande wa nyuma, na mahali anapotaka kiwekwe: kwenye ule ukuta wa mfereji, kwa maneno haya, MAJI MACHAFU HAYAPITI HAPA. Bila jina la mtu.

Mama Kavata, asante. Asante kwa injini ulizozifufua, kwa madereva uliowatoa jasho wakawa madereva, kwa sauti yako iliyotufikia hata tulipoziba masikio, na kwa siku ile uliyovua viatu. Uende salama, upumzike unavyotaka, na kila gari utakalolipanda liwake mara ya kwanza.

Bwana Waweru, nanyi wakurugenzi mtakaoketi viti vya mbele siku ya Ijumaa: kibao kiko gerejini, kimeegemezwa ukutani, na rangi iko tayari. Kabla keki haijakatwa, kigeuzeni mbele yetu, kwa mikono yenu wenyewe, mkakiweke anapotaka. Na kama mmeamua kwamba mtambo lazima uwashwe, basi andikeni juu yake majina yenu ninyi, na mje na viatu vya kusukumia. Sisi tutakuwa tumesimama langoni, tayari kupiga makofi.